Analia Vizuri: Mwili, Msiba na Sanaa ya Utendaji

Tulipokwenda kumzika bibi Ngonga, mimi na shangazi tulifika pamoja. Basi la Dar lilitushusha Kyela mjini asubuhi, tukakodi bajaji. Njia nzima shangazi alikuwa anaongea na dereva: mpunga umefika bei gani, kokoa wanunuzi wanachukua kwa ngapi, huyu diwani wenu barabara mbona bado. Wakabishana kidogo kuhusu nauli. Kama hatua mia hivi kabla ya kufika nyumbani, penye migomba na michikichi, akamwambia dereva, "Tushushe hapa hapa." Akashuka, akakaza kanga kiunoni, akanipa mkoba wake nishike. Halafu sauti ikatoka.

Sijui niielezeje hiyo sauti. Haikupanda polepole, ilitoka ikiwa tayari iko juu. Mkono mmoja kichwani, mwili umeinama upande kama mtu aliyebebeshwa debe la maji lisilokaa sawa, anatembea na kumwuliza mama yake maswali kwa Kinyakyusa: nikija sasa nani atanipokea, ule mlango nani ataufungua, mbona hukunisubiri. Wanawake waliokuwa ndani wakatoka wakiitikia. Wakakutana naye uwanjani, wakashikana, wakaenda chini wote. Mimi nimesimama na mikoba miwili.

Baada ya kama dakika ishirini hivi alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejifuta uso na pindo la kanga, ananiuliza, "Mwanangu, wamekupa chai?"

Nitasema ukweli wangu kwa sababu makala hii haina maana nisiposema. Swali lililonijia kichwani ni hili: alikuwa anaigiza? Na nilijionea aibu, kwa sababu bibi alikuwa ni mama yake mzazi, na mapenzi yao nayajua. Lakini mimi kwa miaka kadhaa nimekuwa nikila mkate kwa kuandika magazetini kuhusu michezo ya jukwaani, nani kaigiza vizuri na nani kaharibu. Jicho hilo huwezi kuliacha stendi. Nikaona kuingia, nikaona pozi la mkono, nikaona mahali alipochagua kuanzia. Nikaona kwamba alikabidhi mkoba kwanza. Mtu aliyezidiwa na uchungu anakumbuka mkoba?

Swali hili si langu peke yangu, na si jipya kwenye nchi ile. Mwaka 1939 mwanaanthropolojia Godfrey Wilson alichapisha katika jarida la Bantu Studies makala ndefu kuhusu desturi za mazishi za Wanyakyusa. Yeye na mkewe Monica walifanya utafiti huko, kati ya milima ya Rungwe na tambarare za ziwani, katika miaka ya 1934 hadi 1938. Nimeisoma makala hiyo mara kadhaa, mara ya mwisho baada ya kutoka msibani, na kama kazi ya kuangalia ni nzuri kuliko tathmini nyingi za ngoma tunazoandika leo, zangu zikiwemo. Wanawake wanalia, ngoma zinapigwa, vijana wanacheza na mikuki, ugomvi unaweza kuzuka hapo hapo na damu ikamwagika, na hali ya msiba inageuka kidogo kidogo kutoka kwenye huzuni mpaka kwenye uchangamfu. Wilson haoni haya kuandika kwamba msibani watu wanacheka pia. Anaona miili. Anaona nani anasimama wapi na nani anasogea lini.

Tatizo langu na Wilson ni pale anapoacha kuangalia na kuanza kupima. Anataka kujua ni kiasi gani cha huzuni hiyo inasikika kweli na kiasi gani ni desturi tu inayotimizwa. Yaani anaweka vyungu viwili: hiki cha hisia halisi, hiki cha utaratibu. Anafanya hivyo kwa uangalifu, hamdharau mtu, lakini akishaweka hivyo vyungu hana namna tena ila kugawa machozi. Na ukiangalia jinsi alivyofanya kazi utaelewa kwa nini. Mbele yake kulikuwa na daftari. Pembeni yake kulikuwa na wasaidizi Wanyakyusa kama Leonard Mwaisumo, karani wao, ambao sehemu ya kazi yao ilikuwa kugeuza kilio kuwa maneno yanayoweza kuandikwa. Ukikipokea kilio kwa njia hiyo, kikiwa kimeshatafsiriwa na kupigwa mstari chini, lazima ujiulize kama ni cha kweli. Mimi nilikuwa na mikoba miwili badala ya daftari, lakini tulisimama mahali pamoja.

Kabla ya Wilson, mwaka 1921, Marcel Mauss wa Ufaransa alikuwa ameandika makala fupi kuhusu maombolezo ya wenyeji wa Australia, na hoja yake kuu ni kwamba machozi yale ni ya lazima, yana wakati wake na watu wake, na bado hayapungui ukweli kwa sababu hiyo. Hoja nzuri. Ila Mauss anaisema kutoka mbali, kwa kusoma ripoti za watu wengine, na hatuambii inawezekanaje. Inakuwaje kitu kiwe cha ratiba na kiwe cha kweli kwa wakati mmoja?

Hapo ndipo nilipomrudia Maurice Merleau-Ponty, ambaye chuo kikuu nilimsoma kwa ajili ya mtihani nikamsahau jioni yake. Kitabu chake kikubwa, Fenomenolojia ya Utambuzi, kilitoka Paris mwaka 1945. Fenomenolojia, kwa lugha ya barazani, ni kujaribu kueleza jambo kama linavyomjia yule anayeliishi, kabla hujaanza kulitafutia sababu zake za kisayansi au za kisaikolojia. Na jambo analolirudia Merleau-Ponty kwa mamia ya kurasa ni kwamba mwili si chombo ambacho mimi, niliyekaa mahali fulani ndani, nakiendesha kama dereva wa bajaji. Ndiko niliko. Kipofu aliyezoea fimbo yake haisikii tena fimbo mkononi, anaisikia barabara kwenye ncha ya fimbo. Mpiga kinanda anakaa mbele ya kinanda asichokijua, anakizoea kwa muda mfupi, na vidole vinafika bila yeye kuhesabu. Pale Ngonga ungesema hivyo hivyo kuhusu mwanamke anayetwanga: ukimwuliza anainua mchi mpaka wapi, itabidi atwange kwanza ndipo akujibu.

Kuna sehemu katika kitabu hicho ambayo kwangu ndiyo ufunguo. Anasema nikimwona mtu amekasirika, siioni ngumi kisha nikabahatisha kwamba nyuma yake, mahali nisipopaona, kuna hasira. Hasira iko pale pale kwenye ngumi. Ishara haiwakilishi hasira, ni hasira yenyewe.

Sasa mrudishe shangazi kwenye ile njia ya migomba. Swali langu lilidhani kwamba uchungu wake uko ndani, umekamilika, unasubiri kutolewa, na kwamba kilio ni tangazo lake. Kwa hiyo kama tangazo limetoka kwa mpangilio, basi pengine mzigo haumo. Lakini vipi kama ule uchungu kwenye bajaji ulikuwa bado haujapata pa kusimama? Alijua kwamba mama yake amekufa, alikuwa anajua tangu simu ilipopigwa usiku. Kujua huko alikuja nako kilomita mia nane na zaidi, akikitia maji ya chupa na korosho. Kilio kilikuwa ndiyo namna ya mwili wake kufika mahali ambapo akili ilishafika. Na mwili unahitaji njia ya kufikia: hatua mia, kanga iliyokazwa, mikono mitupu. Kukabidhi mkoba ndiko kulikuwa mwanzo wa kulia kwenyewe.

Lugha yetu inalijua jambo hili kiasi fulani. Tunasikia harufu, tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia uchungu, kitenzi kile kile tunachotumia kwa sauti, kana kwamba mwili mzima ni sikio moja. Na tazama kufiwa. Aliyekufa ni bibi, lakini kitenzi kinaniweka mimi mbele: nimefiwa. Tukio lililompata mwingine linanikuta mimi, linatua kwangu. Nisije nikaonekana natamba, lugha haiwazi kwa niaba ya mtu, na Kiswahili hicho hicho kina usemi kwamba macho yanacheka moyo unalia, ambao ni vile vyungu viwili vya Wilson kabisa. Ila kuna kitu kingine nilikigundua pale pale msibani, nacho kilinisumbua zaidi. Wajerumani, ambao ndio walioianza falsafa hii, wana maneno mawili: moja la mwili kama kitu kati ya vitu, jingine la mwili unaoishiwa. Sisi tuna moja. Na msibani hilo moja linahama. Kutwa nzima unasikia, "Mwili umeshatoka mochwari", "mwili unawasili saa nne", "mwili utalala ndani". Hakuna anayesema mwili kwa maana ya shangazi aliyejikunja kwenye mkeka. Mwili ni yule aliye sandukuni. Falsafa nzima ya mwili unaoishiwa, na sisi neno tunampa yule ambaye haishi tena.

Nimesema haya yote nikiwa na kazi moja ya uhakiki mkononi: kuuliza ni nini hasa tunakitazama tunapoitazama sanaa ambayo msanii anatumia mwili wake mwenyewe, papo hapo, mbele ya watu. Mitandaoni kwetu sanaa hii inaandikwa kama kitu kilichoshuka kwa ndege. Mfano unaorudiwa ni wa Marina Abramović, ambaye mwaka 2010 alikaa kwenye kiti ndani ya Museum of Modern Art, New York, kimya, kwa zaidi ya saa 700 zikijumlishwa za miezi karibu mitatu, na yeyote aliyetaka alikaa mbele yake na kutazamana naye. Watu wengi walilia. Picha za machozi yao zikazunguka dunia nzima. Siidharau kazi ile, kukaa hivyo ni kazi ngumu ya mwili na aliyewahi kukesha na mgonjwa anajua. Ila angalia mpangilio wake: foleni, mmoja mmoja, kila mtu analia kwa mambo yake, mwenyeji hajibu. Ni kilio cha watu wasiodaiana kitu. Ukimaliza unainuka, anakaa mwingine.

Karibu zaidi na sisi, Faustin Linyekula wa Kisangani, mcheza dansi na mtunzi ambaye kwa miaka mingi ameichezea historia ya Kongo kwa mwili wake, alialikwa Tate Modern, London, mwezi Machi 2020. Kazi yake jina lake ni kwamba mwili wake ndio hifadhi ya nyaraka zake: mahali ambapo hakuna makabati ya kumbukumbu, au yameungua, au yameandikwa na mtawala, mwili umeweka. Korona ikafunga jumba siku chache kabla. Kazi ikachezwa mara moja katika ukumbi usio na watu, kwa ajili ya kamera, sisi wengine tukaitazama kwenye simu. Nilikuwa nimekaa Kinondoni kitandani na hedifoni. Naikumbuka kama kazi nzito na nzuri, na pia kama kitu kilichoninyima jambo nisiloweza kulitaja wakati ule. Nilidhani ni ubora wa picha. Sasa nadhani ni kwamba mwili wa Linyekula ulikuwa unafanya upande wake wa kazi, na upande wa pili haukuwepo. Mtu akiita msibani kuna anayeitikia. Pale London zilikuwa nguzo.

Nasema upande wa pili kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo ninapoachana na Merleau-Ponty. Si kwamba hajui kuhusu wengine, analigusa jambo hilo na baadaye maishani alilisogelea zaidi. Lakini mifano anayokaa nayo, ile inayobaki kichwani, ni ya mtu mmoja na maungo yake: fimbo yake, kinanda chake, mguu wake uliokatwa ambao bado anausikia. Mwili wa shangazi ulipoanza kulia haukuwa umekamilika. Ule mwinamo wake wa upande ulikuwa unangoja bega. Ungemrekodi peke yake ungesema amepoteza mizani, na kweli alikuwa amepoteza, kwa sababu mizani yake ilikuwa inatoka mlangoni inakuja. Walipomshika ndipo nilipoelewa umbo. Kilio kilikuwa nusu ya kitu.

Mwaka mmoja kabla ya msiba wetu niliwahi kuona kikundi kimoja Dar kikiweka mazishi jukwaani, ngoma, kaniki, wanawake wanaingia wakilia kwa ishara ya kiongozi. Wachezaji walikuwa wazuri, koo zao zilikuwa zimefunzwa. Nikaandika kwamba tukio lile "halikushawishi". Ukumbi ulicheka na kurekodi. Leo ningeandika tofauti. Hakukuwa na uongo kwenye miili yao. Kilichokosekana ni kwamba hakuna mtu kwenye viti mia tatu vile aliyekuwa na wajibu wa kuitikia. Kilio kikaenda, kikafika mstari wa kwanza, kikadondoka. Halafu tunawalaumu waigizaji. Katika utamaduni wa misiba ninaoujua, mtazamaji hayupo. Kuna wanaolia, wanaoshika wanaolia, wanaopika, wanaochimba kaburi, wanaokaa na moto nje usiku kucha, wapiga tarumbeta wa kanisani, watoto wanaotumwa maji. Hata anayekuja kula tu ana kazi yake, anajaza uwanja. Mtazamaji pekee siku ile alikuwa mimi.

Na nisiupambe msiba ukawa kitu kitamu. Wapo wanaosoma mambo haya wakiwa Ulaya au Masaki na kuona kwamba Waafrika wamejaaliwa miili inayojua kuomboleza, oh, wao wamepoteza. Basi waje wakae mkekani siku tatu. Mwaka 1980 Iris Marion Young, mwanafalsafa wa Marekani, aliandika makala akimkumbusha Merleau-Ponty, aliyekwishakufa, kwamba huo mwili wake ulio huru kuifikia dunia ni mwili wa mwanamume. Msichana anafundishwa kutokujitanua, kuushika mwili wake kama kitu kinachotazamwa, hivyo hata akirusha jiwe harushi kwa mwili mzima. Nilimfikiria sana Young pale Ngonga, kwa sababu mambo yalikuwa yamepinduka. Mwanamke anayelia anajitanua kuliko wakati mwingine wowote. Anajaza uwanja mzima, anaweza kumwuliza marehemu mbele ya ukoo maswali ambayo siku ya kawaida angenyamazishwa nayo. Shangazi mmoja mwingine aliuliza kwa wimbo wa kilio nani aliuza lile shamba la chini, na wanaume nje wakatazama miguu yao. Lakini ni wanawake hao hao wanaopoteza sauti kwa siku nne, ambao magoti yanavimba, ambao wakitoka kulia wanakwenda jikoni. Mgawanyo wa machozi ni mgawanyo wa kazi.

Tena mwili unaojua kulia ni mwili unaochunguzwa. Asiyelia anaonekana. Mkwe asiyelia anaonekana zaidi. Monica Wilson, katika kitabu chake cha 1957 kuhusu matambiko ya ukoo ya Wanyakyusa, anaeleza kwamba aliyefiwa asipopitishwa kwenye matambiko ya kifo alihofiwa kupata wazimu. Mtu anaweza kusoma hilo kama imani ya zamani. Mimi nalisoma pia kama uangalizi makini: mwili ulioachwa na msiba ambao haukupewa pa kwenda ni hatari kwa mwenyewe. Ila hofu hiyo hiyo ndiyo inayowafanya watu wakuangalie uso, wakihesabu.

Mimi sikulia. Nilikaa mkekani na wenzangu, mabinti wa baba wadogo, miguu imenyooka, na kila kundi jipya lilipoingia likilia niliona mawimbi yanapita kwenye miili ya walio kulia kwangu, yanafika kwangu, yanasimama, yanaendelea kwa aliye kushoto. Nilijaribu. Nilijua maneno, nilijua mkono unakaa wapi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba dhana yangu ya kuigiza ilikuwa ya kitoto kiasi gani, kwa sababu nilitaka kuigiza na sikuweza. Kama kilio kile kingekuwa pozi tupu, mwenye kujua pozi angekifanya. Bibi mmoja mzee, jirani, aliniwekea kiganja begani akakikandamiza kidogo, kama mtu anayejaribu kama embe limeiva. Akaondoa. Nikasikia nyuma yangu mtu anasema taratibu, "Huyu wa mjini."

Basi nikafanya ninachokijua, nikatoa simu nikarekodi. Nikajiambia ni kwa ajili ya ndugu walioko nje ya nchi. Dakika nne na kitu, kundi la kutoka upande wa Ipinda linaingia, shangazi anainuka kuwapokea.

Nililia siku tano baadaye Makambako, basi liliposimama watu wale, kwenye vyoo vya ule mgahawa, bila hatua mia wala kanga. Ilikuja kama kichefuchefu. Mama mmoja aliyekuwa ananawa mikono alinitazama, hakuuliza kitu, akasema "pole mama", akanishika kiwiko mpaka nikatulia, akaenda kupanda basi lake la kwenda sijui wapi. Simtaji kwa sababu simjui.

Kuna rafiki yangu mshairi ambaye nilimsimulia haya, akasema hapo Makambako ndipo kilio cha kweli kilipotokea, kwa sababu hakuna aliyekutazama. Nilikataa na bado nakataa. Kwanza alikuwepo wa kunitazama, na alinishika. Pili, rafiki yangu anarudi kwenye vyungu viwili: cha faragha ndiyo kweli, cha hadharani ndiyo mchezo. Ni wazo ambalo limeingia kwenye ushairi wetu wa siku hizi kiasi kwamba hatulioni tena, kila shairi linatokea chumbani usiku. Sisemi shairi la chumbani ni baya. Nasema shangazi hakuwa chini yake. Wasanii wachache wa kwetu wanalifahamu hilo. Rehema Chachage, anayefanya kazi kwa vidio, sauti na mwili wake, kwa miaka amekuwa akifanya kazi pamoja na mama yake, mwandishi Demere Kitunga, akifuata matambiko na simulizi za wanawake wa ukoo wake, na ninachokipenda kwake ni kwamba msanii hasimami peke yake akidai mwili ni wake. Kuna mama anaitikia.

Ile video niliipeleka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wiki ile ile, na ndugu wakaweka mikono ya kuomba na mioyo iliyovunjika. Shangazi hakusema kitu. Tulipokutana Dar kwenye kikao cha kupanga arobaini, akaniomba nimwoneshe kwenye simu yangu, maana ya kwake kioo kimepasuka. Akavaa miwani. Akaitazama yote mpaka mwisho, uso wake umetulia kabisa, machozi yanamtoka. Pale anapoinuka kuwapokea wale wa Ipinda akanishika mkono niirudishe nyuma kidogo.

"Hapa sikulia vizuri," akasema. "Nilikuwa nimechoka. Lakini mwangalie mama yako mdogo, ona alivyonishika."